Jiwe Ndani ya Gari la Waya

Ukifungua vitabu vya historia tulivyosomea sekondari, Masasi na Newala utazikuta mara tatu nne hivi, na kila mara kwa shida. Wamishonari wamechomewa nyumba, Wajerumani wamefukuzwa, karanga zimegoma kuota, barabara hakuna. Basi. Kusini ni mahali ambapo kitu fulani kimekosekana. Mimi leo nataka kuandika habari za kitu ambacho huko hakijawahi kukosekana hata siku moja, nacho ni ujuzi wa kujua uzito ukae wapi.

Mtoto wa Newala, kama watoto wa sehemu nyingi za nchi hii, hujitengenezea gari la waya. Waya unakunjwa kuwa chesisi, magurudumu yanakatwa kwenye kandambili zilizochoka, na usukani ni fimbo ndefu inayopanda mpaka kifuani ili dereva aendeshe kwa kukimbia nyuma ya gari lake huku mdomo ukitoa mlio wa injini. Sasa gari hilo likiwa tupu halina adabu. Linarukaruka, magurudumu ya mbele hayashiki mchanga, ukikata kona kushoto lenyewe linakwenda moja kwa moja kama halikusikia. Mtoto anafanya nini? Anatia jiwe. Jiwe likikaa nyuma sana pua inainuka na usukani haukamati. Likikaa mbele sana, mkia unakuwa mwepesi na kila kona unatupwa nje. Atalisogeza, atakimbia, atalisogeza tena. Hakuna mwalimu aliyemfundisha.

Wajapani wameligeuza jambo hilohilo kuwa mchezo wa watu wazima wenye fedha zao. Kuteleza kwa makusudi kwenye kona, yaani drifti, kulipata sifa kwenye mbio za magari za Japani miaka ya 1970 kwa dereva Kunimitsu Takahashi. Akafuata Keiichi Tsuchiya, ambaye video yake ya mwaka 1987 iliwapagawisha vijana wa barabara za milimani. Baadaye yakaja magari madogo ya kuongozwa kwa redio, yanayoteleza vilevile. Gari la aina hiyo kwa kawaida ni sehemu moja ya kumi ya gari lenyewe, uzito kama kilo moja na nusu, na magurudumu yake ni ya plastiki ngumu ili yasiing'ang'anie sakafu. Mwenye gari hulipima gurudumu moja moja juu ya mizani. Kushoto na kulia pasipolingana, litateleza vizuri upande mmoja na kugoma upande wa pili. Betri ndiyo mzigo mkubwa, kwa hiyo husogezwa mbele au nyuma, kisha hubandikwa vipande vya risasi au shaba vya gramu 5, gramu 10. Kumbe ni jiwe lile lile, bwana! Tofauti ni bei tu.

Swali langu ni hili: mtoto asiye na mizani amelipata wapi somo hilo? Nadhani amelipata kwenye mlima wa kwao, na kwa watu waliompita njiani.

Newala imekaa ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde. Ukisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu utaona nchi inakatika ghafla miguuni pako na kushuka kuelekea bonde la Ruvuma. Juu ya uwanda udongo unakunywa mvua yote na kuipeleka chini sana, hivyo mito hakuna. Chemchemi ziko bondeni, chini ya mteremko. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyetoka Leipzig, alikaa Masasi na Newala mwaka 1906 akiwa na fonografu yake ya kunasa nyimbo, na jambo mojawapo lililomshangaza ni watu kuishi mbali na maji kiasi kile. Wenyewe walikuwa na sababu zao, mojawapo ikiwa usalama. Lakini gharama ya usalama huo ililipwa na shingo za wanawake.

Hebu fikiria ndoo ya lita 20. Ni kilo 20 za kitu ambacho hakitulii. Gunia la mtama likikaa limekaa. Maji yanakwenda mbele ukikanyaga, yanarudi nyuma ukisimama, na juu ya njia ya mteremko kila mrudio unakusukuma upande usioutaka. Mwanamke anakunja ngata, anaiweka utosini, kisha kabla ya kujitwisha anatupa matawi yenye majani juu ya maji. Mtu wa mjini atadhani ni kuzuia vumbi. Majani yale yanavunja mawimbi. Ukitaka kujua kwamba jambo hilo si dogo, nenda ukaulize kwa nini lori la mafuta lina kuta zenye matundu ndani ya tangi lake: ni ili mafuta yasikimbie yote mbele dereva anapokanyaga breki, wala yasiegemee upande mmoja kwenye kona na kulilaza gari. Mainjinia wamechora kwa kalamu kile ambacho tawi la majani lilikuwa likifanya bondeni. Miaka ya 1950 ulianzishwa mradi wa maji wa Makonde, pampu zikaanza kuyapandisha maji uwandani. Hata hivyo pampu ikifa, ndoo inarudi kichwani siku hiyohiyo, na majani yake.

Mizigo ya mbali ilikuwa na elimu yake. Wayao walipitisha pembe za ndovu katika nchi hizi wakielekea Kilwa na Lindi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, ambaye wapenzi wa lugha tunamjua kwa kazi zake za Kiswahili, alitoka Lindi na kundi la watu waliokombolewa utumwani, nia ikiwa kufika upande wa Ziwa Nyasa. Wakaishia Masasi, wakajenga. Mwaka 1882 Wangoni wakawavamia, na misheni ikahamishia kambi yake Newala. Katika safari zote hizo vitu havikutembea vyenyewe. Mzigo wa pagazi mmoja ulikuwa ratili 60 mpaka 70, yaani karibu kilo 30, na ulifungwa kwa umbo la kurefuka ili ukae sawa begani au kichwani. Pwani mchukuzi wa maji alitumia mzega, debe mbele na debe nyuma. Debe la mbele likizidi, hakuna haja ya kumwaga kitu: anausogeza mti mpaka bega likaribie upande mzito, na mambo yanakuwa sawa. Hiyo ndiyo fizikia ya Form Two, ile ya mhimili na egemeo tuliyoikariri usiku wa kuamkia mtihani.

Vita Kuu ya Kwanza ikaja kuufanya ujuzi huo kuwa msiba. Oktoba 1917, kuanzia tarehe 15 hadi 18, Waingereza na Wajerumani walipigana Mahiwa, kwenye nchi ya kati ya Lindi na Masasi, na upande wa Waingereza peke yake zaidi ya askari 2,000 waliuawa au kujeruhiwa. Mwishoni mwa Novemba Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Vitabu vinamtaja yeye kwa jina na cheo. Waliobeba risasi, unga na majeruhi wa pande zote mbili wanatajwa kwa tarakimu. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa katika vita hiyo ya Afrika Mashariki wanakisiwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa. Kila ukipanda basi la Kariakoo unalitamka jina la kikosi chao, maana ndilo Carrier Corps lililotafunwa na vinywa vyetu. Mtu akibeba kilo 30 zilizopangwa vizuri kwa hiari yake atafika. Akibebeshwa kwa mjeledi, bila chakula, ngata haimsaidii kitu.

Baada ya vita ya pili wakaja wenye mashine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, jirani kabisa na Masasi. Walileta matrekta, na mengine yalikuwa vifaru vya kivita vya Sherman vilivyogeuzwa kulima. Walifunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya mashine mbili wakawa wanaikokota misitu. Uzito mkubwa, jamani, lakini umewekwa wapi? Juu ya udongo ambao hawakuusoma. Kongwa ardhi ilikauka ikawa kama saruji. Januari 1951 mradi uliachwa, pauni milioni 36 zimekwenda. Kusini tulibakiwa na bandari ya Mtwara na reli ya Nachingwea, na reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mimi siwacheki Waingereza kwa kushindwa. Kilimo ni kigumu kwa kila mtu. Ninachowacheka ni kwamba walikuwa na mizani za kila aina na hawakumuuliza hata mama mmoja mwenye ndoo.

Baada ya hapo historia ya uzito Newala inaitwa korosho. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000, sehemu kubwa kutoka kusini. Kutoka shambani korosho huja kwa kichwa au kwa baiskeli, na baiskeli ya Phoenix yenye mzigo ni somo zima. Angalia anayebeba madumu manne ya maji, mawili kila upande wa keria. Hayajazi yote ya kulia kwanza. Anajaza kwa jozi, la sivyo baiskeli inalala chini. Akifika anashusha kwa jozi vilevile. Kwenye mteremko hapandi, anashuka na kuegemea nyuma, mwili wake mwenyewe ukiwa breki.

Kisha gunia la kilo 80 linapanda lori, na hapa ndipo maisha ya watu yanapoingia. Kwa miaka mingi safari ya Dar es Salaam ilikuwa matope, na kwenye Rufiji kivuko cha Ndundu, mpaka Daraja la Mkapa lenye mita 970 lilipofunguliwa mwaka 2003. Lakini kabla ya kufika huko lori lilipaswa kushuka kutoka uwandani likiwa limeshiba. Magunia yakipangwa juu sana, kona moja ya mteremko inatosha kulilaza. Yakilundikwa nyuma ya ekseli, mbele kunakuwa kwepesi na dereva anazungusha usukani kama wa gari la waya lisilo na jiwe, lakini mara hii amebeba abiria juu ya mzigo. Na abiria walikuwapo, tusidanganyane, maana mabasi hayakutosha. Anayeamua gunia la kwanza liende wapi ni utingo na wapakiaji. Dereva ndiye mwenye leseni, tajiri ndiye mwenye gari, na jina la utingo haliandikwi popote, isipokuwa gari likianguka.

Leo lori la korosho likipita barabara kuu linakutana na kituo cha mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu gari lenye mzigo lisizidi tani 56 kwa jumla, na ekseli moja yenye matairi manne isizidi tani 10. Kwa hiyo gari halipimwi jumla tu, linapimwa ekseli kwa ekseli, sawasawa na yule Mjapani na kigari chake. Hutokea jumla ikawa halali kabisa na ekseli ya nyuma ikawa imezidi. Dereva anashuka na karatasi mkononi, anaanza kubembeleza. Utingo hasemi neno. Anavua shati, anapanda juu, anafungua turubai na kuanza kuhamisha magunia mbele, mawili ya kushoto, mawili ya kulia.