Buhangija: shule iliyogeuka nyumba ya malezi

Kituo cha Buhangija, katika Manispaa ya Shinyanga, hakikuanzishwa ili kuficha watoto. Kilikuwa sehemu ya shule ya msingi ya serikali yenye elimu maalumu: wasioona walilala bweni, wakasoma nukta nundu, na likizo ikifika wakarudi makwao. Kisha yakaja mauaji.

Kuanzia 2007 watu wenye ualbino waliwindwa Kanda ya Ziwa. Wapiga ramli waliwaaminisha wachimbaji wa dhahabu na wavuvi kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino huvuta mali. Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mvulana mwenye ualbino wa Bukombe, wilaya iliyokuwa Shinyanga kabla ya Mkoa wa Geita kuzaliwa mwaka 2012. Hukumu ya namna hiyo haikuwa imewahi kutolewa nchini.

Hukumu haikuwatuliza wazazi. Watoto wenye ualbino waliletwa Buhangija, kama walivyopelekwa Mitindo kule Misungwi na Kabanga kule Kasulu, wengine wadogo mno hata kwa darasa la kwanza. Halmashauri iliyozoea kugawa chaki na madawati ikajikuta inalea. Matroni wa bweni ana ratiba ya chakula na usafi. Mtoto wa miaka mitatu anayemlilia mama usiku wa manane hayumo katika ratiba hiyo. Na likizo, kwa wengi, ikafutika.

Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja aliporwa Chato, mkoani Geita, akauawa. Hofu ikapanda upya. Mwaka huo Buhangija ililea watoto zaidi ya 300, vitanda vikilaliwa na zaidi ya mmoja, huku mafuta ya kukinga jua na kofia pana vikitegemea sana wahisani. Uzio uliwalinda, pia uliwatenga, na wapo wazazi ambao hawakurudi kuwaona.

Mwaka 2017 Ikponwosa Ero, mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa kuhusu ualbino, alizuru Tanzania. Suala la kuwarejesha watoto kwenye familia lilikuwa mezani. Nauli ya kwenda Geita ndiyo sehemu rahisi. Kazi ya afisa ustawi wa jamii ni kujua kwanza nani analala katika nyumba anayorudishwa mtoto, kwa sababu katika baadhi ya kesi waliokamatwa walikuwa ndugu wa waathiriwa.