Miujiza ya Lourdes na Imani Yetu

Watu hutuuliza: je, miujiza ya siku hizi yaweza kuishuhudia imani? Tuutazame mji wa Lourdes, Ufaransa, ambako mwaka 1858 Bernadette Soubirous alishuhudia kwamba ametokewa na Bikira Maria. Tangu mwaka 1883 madaktari huchunguza huko habari za waliopona. Hata daktari asiyesadiki hukaribishwa. Watu zaidi ya 7000 wameeleza kuponywa kwao, lakini hadi mwaka 2018 Kanisa lilikuwa limekiri miujiza 70 tu. Ushuhuda uliopimwa kwa ukali namna hiyo haufai kudharauliwa. Walakini haumlazimishi mtu kusadiki. Bernadette mwenyewe hakuponywa: alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1879, mwenye miaka 35, imani yake ikiwa thabiti. Basi mgonjwa asiyepona asikate tamaa. Mwujiza ni alama. Msingi wetu ni Kristu Mfufuka.