Mustang Bila Bunduki

Mwaka 1946, rubani wa filamu Paul Mantz alinunua ndege 475 za kijeshi kwa dola 55,000 huko Stillwater, Oklahoma. Vita vilikuwa vimekwisha, na Marekani ilikuwa inaziuza kwa bei ya chuma chakavu. Nyingi aliziuza tena. Mbili kati ya alizobakiza, Mustang aina ya P-51C, alizigeuza za mashindano: mabawa yakazibwa yawe matangi ya mafuta. Akashinda mbio za Bendix, kutoka California hadi Cleveland, miaka 3 mfululizo. Mwaka 1951, moja ya ndege hizo ilimvusha Charles Blair, akiwa peke yake, juu ya Ncha ya Kaskazini, kutoka Norway hadi Alaska.

Napenda kuisimulia historia hii ya silaha iliyogeuzwa chombo cha safari. Lakini siwezi kuishia hapo.

Tarehe 5 Septemba 1949, Bill Odom alishindana Cleveland kwa Mustang iitwayo Beguine. Mbio hizi zilikuwa za kuzunguka minara, ndege zikipita chinichini karibu na makazi ya watu. Ndege ilimshinda kwenye kona, ikaangukia nyumba mjini Berea. Odom alikufa. Walikufa pia mama wa nyumba hiyo na mwanawe mdogo. Mwaka uliofuata mbio hazikufanyika.

Mbio za namna hiyo zilirudi Reno mwaka 1964. Huko, mwaka 2011, Mustang nyingine ilianguka, wakafa watu 11.

Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Berea fahali walikuwa wameshaacha kupigana. Bunduki zilitolewa, kasi ikabaki, na waliokuwa chini hawakuulizwa.