Mvinyo Uliopigwa Marufuku: Zabibu Chotara na Mlo wa Wakulima wa Cévennes, Ufaransa

Mdudu filoksera, aliyetoka Marekani Kaskazini, alianza kuangamiza mizabibu ya kusini mwa Ufaransa katika miaka ya 1860. Katika milima ya Cévennes, wakulima wadogo waligeukia Clinton na Jacquez, aina chotara zilizotoka Marekani pia. Mizabibu hiyo ilitambazwa kwenye vichanja juu ya matuta ya mawe, na ardhi ya chini ikabaki kwa mboga.

Mvinyo wa Clinton una rangi nzito, uchachu mkali na harufu ya matunda ya mwituni. Wajuzi wa mjini waliuona kuwa duni, lakini hukumu yao haikuitazama meza ulikonywewa. Mlimani watu walikula supu ya kokwa za mti wa châtaignier, zenye wanga mwingi na zilizokaushwa kwa moshi, nyama ya nguruwe ya chumvi, na jibini ndogo ya mbuzi iitwayo pélardon. Mlo mzito namna hiyo ulihitaji uchachu wa kuukata.

Sheria ya tarehe 24 Desemba 1934 ilipiga marufuku biashara ya aina sita: Clinton, Jacquez, Isabelle, Noah, Othello na Herbemont. Ilidaiwa pia kwamba mvinyo wake huleta wazimu. Sababu ya kiuchumi ina uzito zaidi: Ufaransa ilikuwa imefurika mvinyo usio na wanunuzi. Hata hivyo, familia ziliendelea kukamua kwa matumizi ya nyumbani. Mwaka 2021 Umoja wa Ulaya ulilegeza masharti kwa machotara mengine. Majina yale sita yalibaki katika orodha ya marufuku.