Wachongaji wa Tabaka

Msomaji, ukitoka mji wa Kisii ukashika njia ya kusini-magharibi, utapita katikati ya migomba, mahindi na miwa, ukipanda kilima na kushuka kilima, hata ufike Tabaka katika nchi ya Mugirango Kusini. Hapo utaona vumbi jeupe limetua juu ya majani, juu ya mapaa, na juu ya nywele za watu. Usidhani ni vumbi la barabara. Ni unga wa jiwe. Huchimbwa chini ya vilima hivyo, nalo ni laini hata ukucha waweza kulikwaruza. Watu huliita jiwe la sabuni, kwa kuwa ukilishika lateleza mkononi kama kipande cha sabuni kilicholowa. Liko jeupe, liko la waridi, liko la manjano, na liko lenye mishipa ya rangi ya damu ya mzee.

Nataka nikueleze habari za watu wanaoishi kwa jiwe hilo. Katika vitabu vya historia tumezoea kusoma juu ya machifu, vita na mikataba, na mtu mwenye patasi hupitwa kana kwamba hakuwapo. Ukiwauliza watu wa Kisii habari za mwaka 1908, watakutajia Otenyo, aliyemchoma mkuki ofisa wa Kiingereza aitwaye Northcote, na Moraa, mwanamke aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Ni haki yao kutajwa. Lakini ni nani aliyechonga viko walivyovuta wazee wa wakati ule? Hapo hutapata jina hata moja.

Na viko vilikuwapo. Kabla mgeni hajafika, Wagusii walilitumia jiwe hili kwa haja zao wenyewe: walichonga viko, bao za kuchezea, na vyombo vya nyumbani, unga wake walijipaka mwilini siku za ngoma na sherehe. Aliyechonga alikuwa mkulima kama jirani yake. Alichonga mvua ilipopungua na kazi ya shamba ilipolegea, akampa aliyehitaji, naye akapata kitu badala yake. Hakujiita msanii, wala hapakuwa na sababu ya kujiita hivyo. Aliyetumia kiko alimjua aliyekichonga, na kama kiko kilipasuka alijua ni mlango wa nani wa kwenda kubisha.

Mambo yaligeuka pale mnunuzi alipokuwa mtu asiyejulikana. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Waingereza wakaweka makao yao ya utawala Kisii mwaka 1907. Wakafuata wamisionari na wafanyabiashara. Watu hao hawakutaka kiko wala bao. Walitaka kinara cha mshumaa, chombo cha maua, kisahani cha kutilia majivu ya sigara. Mchongaji wa Tabaka, ambaye pengine hakuwahi kuwa na haja ya kinara nyumbani kwake, akajifunza kukichonga. Baada ya uhuru, mwaka 1963, watalii walipozidi, wakataka wanyama: ndovu, kifaru, twiga, kiboko. Hebu fikiri kidogo. Vilima vya Gusii vimelimwa kila pembe, na watu wamesongamana mno. Hapana nafasi ya kifaru kujificha hapo. Basi yuko mtu aliyechonga vifaru maisha yake yote, akawalisha watoto kwa vifaru, naye hajapata kumwona kifaru akitembea. Amemjua kutoka kwa kifaru wa jiwe aliyechongwa na mwenzake. Ndiyo maana ukitazama vizuri utaona kwamba wanyama wa Tabaka wana sura ya Tabaka. Si wale wa mbugani kabisa.

Kazi yenyewe si ya mtu mmoja. Wachimbaji hushuka shimoni na mitaimbo na sururu, wakapasua jiwe tabaka kwa tabaka, na kazi hiyo ina hatari zake, kwa kuwa kuta za machimbo huweza kuporomoka, hasa wakati wa mvua. Jiwe likishapandishwa, mchongaji huligeuzageuza kwanza. Hutazama mishipa yake inaelekea wapi na ufa umejificha wapi, kwa maana ufa usioonekana leo utalivunja shingo la twiga kesho. Kisha hulichonga kwa panga, akipunguza pembe kubwa kubwa hata umbo lianze kuonekana. Hufuata patasi, kisu na tupa. Jiwe lililotoka shimoni karibuni bado lina unyevu, nalo huchongeka kwa urahisi. Likikauka sana huwa gumu. Kwa sababu hiyo huwezi kulisubirisha kama unavyosubirisha ubao.

Hapo sanamu bado haijaisha, bali imefika nusu tu. Mikononi mwa wanawake huanza kazi ya kusugua. Huketi na beseni la maji, wakisugua kwa msasa mkali, kisha mlaini, kisha mlaini zaidi, wakiosha na kusugua tena, mpaka ngozi ya jiwe iwe nyororo. Kisha nta, na kitambaa, na ule mng'ao unaokuvuta dukani. Mara nyingine hupaka rangi kwanza na kuchora nakshi kwa ncha ya kisu, ili weupe wa jiwe utokeze ndani ya rangi. Siku nzima mikono yao imo majini. Ukisikia mtu akisifu sanamu ya Kisii kwa ulaini wake, ujue amemsifu mwanamke ambaye hakutajwa.

Wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu huniuliza mara nyingi: je, mtu aliyechonga kiboko wa elfu moja, wote wakifanana, ni msanii au ni fundi tu? Swali hili si jepesi, wala halikuanza leo. Yuko mchoraji mashuhuri, Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, ambaye katika miaka ya 1950 alichora picha kubwa za maisha ya Yesu katika kanisa la Murang'a, akamweka Bwana katika nchi ya Wagikuyu, kwenye vilima na migomba yao. Mwaka 1965 yeye na wenzake walifungua jumba la sanaa Nairobi, wakaliita Paa ya Paa. Moto wa mwaka 1997 uliteketeza mengi yaliyokuwamo, lakini fundisho lake halikuungua: kwamba kuiga ni kumlaza Mungu usingizi. Maana yake, Muumba anapomtumia mtu kuumba, kila kitu kiwe kipya; anayenakili tu amezima kile alichopewa.

Fundisho hilo ni zuri, nami hulifundisha. Lakini nalipokea nusu. Mtoto wa Tabaka hujifunza kwa kuiga. Huanza kwa kuchukua vipande vilivyotupwa, akachonga yai au kiboko mdogo kama wa baba yake, akaharibu, akachonga tena. Huko kuiga ndiko kunakoufundisha mkono kujua jiwe litakubali nini na litakataa nini. Angeanzia wapi pengine? Tena mzazi mwenye karo ya kulipa, aliyeletewa agizo la viboko mia mbili, hawezi kumwambia mnunuzi kwamba wiki hii moyo wake waelekea ndege. Ubaya sioni katika kiboko wa mia mbili. Ubaya nauona pale mtu anapofikia umri wa mvi bila kupata hata siku moja ya kuchonga kitu ambacho hakuna aliyekiagiza.

Siku kama hiyo hupatikanaje? Wengine waliipata kwa njia ya shule. Katika miaka ya 1930 mwanamke Mwingereza, Margaret Trowell, alianza kufundisha sanaa Makerere, Uganda. Miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo alikuwa Gregory Maloba, Mkenya kutoka upande wa Mumias, aliyezaliwa mwaka 1922. Maloba baadaye alikuwa mwalimu wa wengi, naye ndiye aliyeisimamisha sanamu ya Uhuru wa Uganda mjini Kampala mwaka 1962: mtu mrefu akimwinua mtoto, na mtoto ameinua mikono juu. Hapo Waafrika wa Mashariki waliona kwamba sanamu kubwa ya taifa yaweza kutoka mkononi mwa mtu wa kwao, na jina lake likajulikana.

Kutoka Tabaka alikwenda Makerere kijana mmoja, Elkana Ong'esa, aliyezaliwa mwaka 1944 katika jamaa ya wachongaji. Angalia vema mpango wa maisha yake, kwa kuwa wengi hudhani msanii mkubwa huanguka kutoka mbinguni. Mkono aliupata nyumbani, kwa watu wa panga na tupa. Chuoni alipata muda na maswali. Naye hakurudi kulidharau jiwe la kwao na kutaka marumaru ya Ulaya. Alilichonga hilo hilo, ila kwa umbo jingine. Katika miaka ya 1970 sanamu yake iliwekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Ni ndege, aitwaye Enyamuchera kwa Kigusii, ndege ambaye katika mila za Wagusii ni mjumbe wa amani. Hakuna mtalii aliyewahi kusimama kando ya barabara ya Tabaka akauliza bei ya Enyamuchera, kwa kuwa hakumjua. Ong'esa alimtoa katika lugha ya mama yake. Miaka mingi baadaye, mwaka 2014, Kenya ilipoalikwa kwenye tamasha la Smithsonian mjini Washington, alikwenda kufanya kazi ya ndovu wa jiwe mbele ya macho ya watu. Ndovu tena! Mnyama yule yule wa maduka ya watalii. Ila safari hii alichongwa kwa ajili ya ndovu wenyewe, waliokuwa wakiuawa kwa sababu ya pembe zao. Kwa hiyo si mnyama anayeifanya kazi kuwa mpya au kuukuu.

Yapo mambo mawili yanayonikaa moyoni kila nikipeleka wanafunzi huko. La kwanza ni bei. Sanamu inayoondoka Tabaka kwa fedha kidogo huuzwa Nairobi au Mombasa kwa fedha nyingi, na ng'ambo kwa nyingi zaidi. Kila mkono uliolibeba jiwe huongeza bei, isipokuwa ule uliolichonga. Wachongaji wameungana katika vyama vya ushirika na vikundi ili wamfikie mnunuzi wenyewe, na penye umoja wa kweli hali imekuwa nafuu. La pili ni jina. Maloba tunamjua, Ong'esa tunamjua, Njau tunamjua. Katika kazi zao jina husafiri pamoja na sanamu. Katika kazi ya jirani ya Ong'esa, ambaye pengine anaishika tupa kwa ustadi ule ule, jina hubaki nyumbani.

Ukipata nafasi, ingia duka lolote liuzalo vitu vya jiwe la Kisii, uchukue sanamu moja mkononi na kuigeuza, utazame chini yake pale inaposimamia. Mara nyingi utakuta limekwaruzwa kwa ncha ya kisu neno moja tu: Kenya. Muulize mwenye duka aliyeichonga ni nani.