Mranaha, Kibofu na Wazee Wetu



Sisi Waswahili tuna adabu ya kutotaja mambo ya chooni waziwazi. Mtu husema anakwenda msalani, au anakwenda haja, au anaomba kutoka kidogo, na wenzake wakaelewa bila kuuliza. Adabu hii tumekuja nayo mpaka huku Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia, na hatuna nia ya kuitupa. Lakini yako maradhi yanayonenepa kwa sababu ya adabu hiyo, na dawa zake zina historia ndefu ambayo inafaa tuijue, kwani wengi wa wanaozimeza ni wazazi wetu.

Tunakusudia maradhi ya kibofu kisichotulia. Kwa kawaida kibofu hujaa polepole, na msuli wake hutulia mpaka mwenyewe akiamua kwenda haja ndogo. Kwa mwenye maradhi haya msuli hujikaza kabla ya wakati. Haja humjia ghafla, naye hukimbilia choo mara nyingi mchana, huamka usiku, na wakati mwingine mkojo humtoka kabla hajafika. Mwaka 2002 jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa maradhi haya, International Continence Society, iliyapa maelezo rasmi ambayo madaktari wameyatumia tangu hapo. Kwanza lakini lazima daktari aangalie kwamba si kisukari, si uchafu wa mkojo, si tezi dume, wala si fistula ya uzazi, maana kila moja la hayo lina tiba yake.

Hapa kwetu watu wenye shida hii ni wengi kuliko wanaoisema. Yupo mama aliyeletwa kutoka Mombasa, Unguja au Bujumbura kuja kulea wajukuu, ambaye ameacha kwenda harusini kwa sababu ukumbi una vyoo viwili na foleni ndefu. Yupo dereva wa teksi anayesubiri zamu yake uwanja wa ndege wa Dulles, ambaye hanywi maji tangu asubuhi. Yupo mzee aliyepunguza kwenda msikitini kwa kuona udhu wake haudumu, ingawa fikihi imeshamfikiria: mwenye kutokwa na mkojo bila kujizuia hujisafisha, akatawadha wakati wa sala ukishaingia, akasali. Wote hawa siku moja hufika kwa daktari kwa ajili ya presha au magoti, wakataja hili mlangoni wakiwa wanatoka. Hurudi nyumbani na cheti cha dawa.

Historia ya dawa hizo inaanzia kwenye majani. Huko pwani tunaujua mranaha, ambao wengine huuita mnanaha, ule mmea wenye maua meupe marefu kama tarumbeta na tunda la miiba. Wazee walituonya tusiuchezee, kwa kuwa mtu akila mbegu zake hukauka mdomo, mboni za macho humpanuka, mkojo humziba, na akili humruka. Kwa upande mwingine, majani ya mmea wa jamii hiyo yalikuwa dawa ya pumu. Mpaka katikati ya karne ya 20 sigara za majani hayo ziliuzwa kwa wenye pumu huko Uingereza na hapa Marekani.

Mmea huo una kisa chake katika jimbo hili la Virginia, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Arlington. Mwaka 1676 wanajeshi waliopelekwa Jamestown kuzima uasi wa Nathaniel Bacon walichuma majani machanga ya mranaha, wakayapika kama sisi tunavyopika mchicha. Mwandishi Robert Beverley, katika kitabu chake cha historia ya Virginia kilichotoka mwaka 1705, anasimulia kwamba walirukwa na akili kwa siku 11. Mmoja alikuwa akipuliza unyoya hewani, mwingine amekaa uchi pembeni akicheka peke yake, na ikabidi wafungiwe wasijidhuru. Walipozinduka hawakukumbuka kitu. Ndiyo maana mpaka leo Wamarekani wanauita mmea huo kwa jina linalotokana na Jamestown.

Kinachofanya kazi ndani ya mranaha ni atropini na ndugu zake. Ili kuelewa ilikuwaje majani ya kurusha akili yakazaa dawa ya kibofu, tukumbuke kazi ya Otto Loewi. Mwaka 1921, kwa majaribio ya moyo wa chura, alionyesha kwamba neva huupa mwili amri kwa kumwaga kemikali. Baadaye ilithibitika kwamba kemikali ile ni asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi na Henry Dale wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel. Asetilikolini ndiyo inayouambia msuli wa kibofu ujikaze. Atropini huziba vipokezi vya kemikali hiyo, amri ikaja isipate wa kuipokea, na kibofu kikatulia.

Tatizo ni kwamba vipokezi vya aina hiyo haviko kwenye kibofu peke yake. Viko kwenye tezi za mate, kwenye macho, kwenye utumbo, kwenye tezi za jasho na kwenye ubongo. Anayeziba mlango mmoja huiziba mingine pia. Tangu wakati huo kazi ya watengenezaji dawa imekuwa kutafuta kufuli ya mlango mmoja.

Mlinzi wa kazi hiyo kwa Marekani yuko jirani yetu. Ni Mamlaka ya Chakula na Dawa, ambayo wengi tunaijua kwa herufi zake, FDA. Makao yake makuu yako White Oak, Silver Spring, kando ya New Hampshire Avenue, mahali palipokuwa na maabara ya jeshi la majini. Wengi wetu tunapapita kila siku tukienda kazini. Mwaka 1962, baada ya Dkt. Frances Kelsey wa FDA kukataa kuipitisha thalidomidi, dawa iliyolemaza maelfu ya watoto Ulaya, Bunge lilipitisha sheria ya kumtaka mwenye dawa athibitishe kwamba inafanya kazi, si kwamba haina madhara tu.

Chini ya sheria hiyo, mwaka 1975 FDA ilipitisha oksibutinini, iliyouzwa kwa jina la Ditropan. Ilituliza kibofu kweli, lakini mdomo ulikauka kiasi cha watu wengi kuiacha. Sehemu kubwa ya ukavu huo hutokana na kemikali ambayo ini huitengeneza dawa inapopita humo. Kwa hiyo mwaka 1998 kikaja kidonge cha oksibutinini kinachoyeyuka polepole, na mwaka 2003 kibandiko cha kubandika kwenye ngozi, ambacho dawa yake huingia mwilini bila kuanzia kwenye ini. Mwaka 1998 hiyohiyo ikapita tolterodini, yaani Detrol. Mwaka mmoja kabla FDA ilikuwa imelegeza masharti ya kutangaza dawa kwenye televisheni, na ghafla lile tusilolitaja sisi likawa linatajwa sebuleni, katikati ya kipindi, mbele ya wakwe. Mwaka 2004 zikapita tatu kwa mpigo: trospiamu, ambayo kwa umbile lake hupenya kwa shida kuingia ubongoni, na solifenasini na darifenasini, ambazo hulenga zaidi aina ya kipokezi kinachokaza kibofu.

Hata hizo zina madhara ya ukoo mmoja. Mdomo hukauka, choo hufunga, macho huona ukungu, usingizi huja mchana, na jasho hupungua. Hilo la jasho si dogo kwa joto la Julai la hapa Washington, wala kwa mtu anayesafiri kwenda Dar es Salaam. Mwenye glakoma ya aina fulani isiyotibiwa, au ambaye mkojo humziba, hapaswi kuzitumia. Dereva naye asishike usukani mpaka ajue dawa inamfanya nini.

Mwaka 2012 ulifunguliwa mlango tofauti kabisa. Mirabegroni haizibi asetilikolini, bali hukiambia kibofu kilegee kwa njia ya vipokezi vingine, hivyo haikaushi mdomo kama zile za zamani. Yenyewe inaweza kupandisha presha, na haimfai mtu ambaye presha yake iko juu sana na haijadhibitiwa. Kwa watu wetu, ambao presha imejaa majumbani, hilo ni la kuulizwa mapema. Mwaka 2020 ikafuata vibegroni, ya njia hiyohiyo.

Tumesimulia historia hii kwa sababu ya jambo moja, nalo ni akili za wazee wetu. Tangu mwaka 1991, Dkt. Mark Beers alipotoa orodha ya dawa zisizofaa kwa wazee, tahadhari juu ya dawa za ukoo wa atropini imekuwa ikiongezeka. Mwaka 2015 watafiti wa Seattle waliwafuatilia watu zaidi ya 3,400 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea, wakaona kwamba waliotumia dawa hizi kwa wingi na kwa miaka walipata maradhi ya kupoteza kumbukumbu zaidi ya wengine. Mwaka 2019 utafiti mkubwa zaidi wa Uingereza ulionyesha uhusiano kama huo. Uhusiano si ushahidi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na wasomi bado wanajadiliana. Lakini kwamba dawa hizi zinaweza kumchanganya mzee papo kwa papo, hilo halina ubishi. Jamestown ilishatuonyesha.

Sasa tuangalie mfuko wa dawa wa mzee mmoja. Ana oksibutinini ya kibofu. Ana Benadryl ya mafua aliyonunua mwenyewe, na kidonge cha usingizi cha dukani ambacho mara nyingi ndani yake mna difenihidramini ileile ya Benadryl. Zote ni za ukoo mmoja, na zikijumlishwa ni mranaha kidogokidogo kila siku. Mzee akianza kusahau, sisi husema ni uzee. Huenda akaandikiwa donepezili, dawa ya kumbukumbu iliyopitishwa mwaka 1996, ambayo kazi yake ni kuongeza asetilikolini. Kinyume chake hutokea pia: mzee aliyeanza na donepezili kibofu humchachamaa, naye akaongezewa oksibutinini. Dawa moja inajaza mtungi, nyingine inautoboa.

Hatusemi watu watupe dawa zao. Wako waliorudishiwa maisha na dawa hizi, wakarudi harusini na msikitini na kanisani. Wala mtu asiache dawa peke yake bila daktari. Tunachosema ni kwamba zichukuliwe dawa zote za nyumbani, pamoja na za dukani na za mitishamba, zitiwe mfukoni, zipelekwe kwa daktari au mfamasia, naye aulizwe: ipi kati ya hizi inakausha mdomo na kuvuruga akili? Iko nyingine badala yake? Aulizwe pia juu ya kupunguza chai na kahawa, kukizoesha kibofu kusubiri, na mazoezi ya misuli ya nyonga ambayo Dkt. Arnold Kegel aliyaandikia mwaka 1948. Hayo hayana madhara ya kidonge.

Na mzee asiyejua Kiingereza asitafsiriwe na mjukuu wa miaka 10. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinatakiwa na sheria kutoa mkalimani bila malipo, na Kiswahili kimo. Mama hatalisema hili mbele ya mwanawe wa kiume, lakini mbele ya mkalimani wa kike anaweza kulisema.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Tuwaulize wazee wetu kwa heshima na faraghani, na kabla ya kusema ni uzee, tufungue kwanza ule mfuko wa dawa.