Nyota za Kipupwe na Mpaka wa Mara

Wilaya za Tarime na Serengeti, zilizo mashariki ya Ziwa Viktoria katika Mkoa wa Mara, zimeandikwa sana kwa ajili ya wanyama na dhahabu, bali anga lililo juu yake limeandikwa kwa nadra. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi nyota zilivyotumiwa katika nchi hiyo kwa kazi mbili zilizo mbali: kuhesabu majira na kupima mpaka. Kazi ya kwanza ni ya kale, na ushahidi wake umo katika maneno. Kazi ya pili ni ya juzi, na ushahidi wake umo ardhini, katika bikoni zilizosimamishwa porini na mashambani. Msomaji ataona kwamba ile ya kwanza iliwakusanya watu wa lugha mbalimbali chini ya hesabu moja, na hii ya pili ikawagawa watu wa lugha moja.

Majira yafaayo zaidi kutazama nyota katika nchi hii ni kipupwe, yaani tangu Juni hata Agosti, masika yakisha kupita. Mawingu hupungua, na usiku huwa wa baridi kwa sababu ya kimo cha nchi. Mji wa Tarime u katika latitudo ya digrii 1 na dakika 21 hivi kusini ya Ikweta. Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, u katika digrii 1 na dakika 51 hivi. Kwa kuwa nchi i karibu sana na Ikweta, ncha zote mbili za mbingu zimelala kwenye upeo wa macho, na nyota huchomoza wima na kutua wima. Jioni ya Julai mtu aweza kuona kwa mara moja Msalaba wa Kusini ukiinama upande wake mmoja na Dubu Mkubwa akiinama upande wa pili, huku Nge akipanda kutoka kusini-mashariki na Njia ya Maziwa ikikata mbingu kama mkanda mweupe. Watu wa nchi za kaskazini na watu wa nchi za kusini kila mmoja hunyimwa sehemu ya mbingu. Mtu wa Mara, akikesha mwaka mzima, hanyimwi karibu chochote.

Katika nyota zote, zilizoacha alama kubwa kuliko nyingine katika lugha zetu ni zile za kilimia, kundi dogo la nyota zilizosongamana ambazo Wagiriki waliziita Pleiades. Asili ya neno haina fumbo: ni shina la kitenzi -lima, na maana yake ni nyota za kulimia. Wakikuyu husema kĩrĩmĩra. Wazulu na Waxhosa husema isilimela. Wasotho husema selemela. Lugha hizo zimetengana kwa maelfu ya kilomita, na wasemaji wake hawakukutana kwa karne nyingi, hata hivyo neno ni moja, nalo limefuata kanuni za sauti za kila lugha. Neno la namna hii halielekei kuwa limeazimwa njiani; ni urithi uliobebwa na wakulima wa Kibantu walipokuwa wakienea, pamoja na jembe na mbegu.

Lakini urithi wa neno si lazima uwe urithi wa kazi. Kilimia hupotea katika mwanga wa jua mwezi wa Mei, na baada ya wiki kadhaa huonekana tena upande wa mashariki kabla ya mapambazuko ya Juni. Kwa Waxhosa kuonekana huko kulianza mwaka. Mwezi wa Juni wauita kwa jina la nyota hizo, na mwanamume alihesabu miaka yake tangu jando kwa idadi ya isilimela alizoziona. Katika nchi za Ikweta, zenye masika na vuli, nyota zilezile haziwezi kutangaza msimu mmoja tu wa kulima. Ndiyo maana watu wa pwani walitunga methali ya kupima badala ya kutangaza: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hapa mkulima hapewi amri. Anapewa ishara mbili, ya kuzama na ya kuzuka, naye hulinganisha moja na nyingine.

Inastahili kuangaliwa kwamba jirani wa Wabantu wa Mara, ambao lugha yao si ya Kibantu, walizisoma nyota hizo karibu kwa njia hiyohiyo. Wamasai, waliochunga katika nyanda za Serengeti hata walipohamishwa katika hifadhi mwaka 1959, na ambao lugha yao ndiyo iliyotoa neno Siringet, huziita Inkokua. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wamasai kilichochapwa Oxford mwaka 1905, aliandika kwamba waliziona kuwa nyota sita zifuatanazo kama ng'ombe, na kwamba zilipokosekana mbinguni walijua mvua kubwa imekwisha. Mkulima aliona jembe, mchungaji akaona ng'ombe. Kila mmoja aliipa nyota sura ya mali yake. Lakini wote wawili walitazama upande mmoja wa mbingu, katika mwezi mmoja, kwa haja moja ya kujua habari za mvua.

Hollis alieleza pia nyota za Jabari, ambazo Wazungu huziita Orion. Nyota tatu za upanga wake kwa Wamasai ni wazee, na tatu za mshipi wake ni wajane wanaowafuata ili waolewe. Wajane hao watatu wana jambo moja linalohusu nchi yetu hasa. Wa kwanza hupita karibu juu ya Ikweta kabisa. Wa katikati hupita utosini pa mtu asimamaye katika latitudo ya digrii 1 na dakika 12 kusini, yaani mipakani mwa Tarime na Kenya. Wa tatu hupita utosini pa mtu aliye katika digrii 1 na dakika 57, kusini kidogo ya Mugumu. Asubuhi za Julai huchomoza mashariki barabara kabla ya jua, na mtu wa Mara asiye na chombo chochote aweza kujua kwayo mashariki yake iko wapi.

Habari hii yatuleta kwenye kazi ya pili ya nyota, kwa kuwa mtu ajuaye nyota fulani hupita umbali gani kutoka utosini pake ajua pia yuko umbali gani kutoka Ikweta. Tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani zilibadilishana hati za kugawana Afrika ya Mashariki. Mpaka wao ulianzia pwani, ukazunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha ukaamriwa kwenda moja kwa moja hata mahali ambapo latitudo ya digrii 1 kusini hukata ufuko wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Hati hiyo haikutaja mto, wala kilima, wala kabila katika sehemu ile ya mwisho. Ilitaja hesabu. Na hesabu ile haikuandikwa juu ya jiwe lolote katika nchi. Mahali pekee iliposomeka palikuwa mbinguni.

Kwa hiyo mpaka huu ulibaki karatasini kwa miaka karibu ishirini. Baina ya 1904 na 1906 tume ya wapima wa Kiingereza na Kijerumani iliupima kutoka Ziwa hata Kilimanjaro. Mkuu wa Waingereza, G. E. Smith, afisa wa wahandisi wa jeshi, alisimulia safari hiyo katika jarida la chama cha jiografia cha London mwaka 1907. Kanuni ya kupata latitudo ni nyepesi kueleza. Mpima huweka darubini yake sawasawa kwa timazi au kwa pimamaji, hungoja nyota ifike kilele cha njia yake, husoma kimo chake, kisha hutazama katika majedwali mahali pa nyota hiyo mbinguni. Akipima nyota ya kaskazini na ya kusini kwa jozi, makosa ya chombo na ya hewa huelekea kufutana. Ugumu u katika udogo wa vipimo. Dakika moja ya digrii ni kilomita 1.8 hivi ardhini; sekunde moja ya digrii ni mita 31. Longitudo ni ngumu zaidi, kwa maana hutegemea saa: saa ikikosea sekunde moja tu, mpima hukosea mita 460 hivi. Na mstari ulionyooka wa mamia ya kilomita hauwezi kuchorwa mpaka ncha zake mbili zijulikane, ndipo mwelekeo wake ukokotolewe na kupitishwa kutoka kilima hata kilima.

Kazi hiyo ilikuwa ya ustadi, wala si haki kuwalaumu waliokesha nje katika baridi wakisoma nyuzi za darubini. Lakini usahihi wa kipimo si uadilifu wa mpaka. Mstari ulipopita juu ya nchi ya Abakuria ulizikata ibiaro zao, yaani zile jumuiya kubwa za koo zenye ardhi na ibada zao. Abakira, Abagumbe, Abanyabasi na Abairege wakawa pande zote mbili. Malcolm Ruel, aliyefanya uchunguzi miongoni mwao katika miaka ya 1950, alionyesha mahali pakubwa pa jua, irioba, katika baraka na desturi zao. Wagusii wa Kenya huliita erioba. Jua hilo huchomoza kwa wote bila kuuliza bikoni, bali mtoto wa upande huu na binamu yake wa upande ule walisomea shule zenye mitaala tofauti na kulipa kodi kwa serikali tofauti.

Ujerumani iliponyang'anywa makoloni yake baada ya vita vya 1914 hadi 1918, mstari haukufutwa, ingawa nchi za pande zote mbili zilikuwa sasa chini ya Mwingereza mmoja. Wala uhuru haukuufuta. Mwezi wa Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Afrika waliazimia kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, na aliyelileta azimio hilo mbele alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama katika nchi hii hii ya Mara. Hakuwa mgeni wa hasara ya mipaka. Aliona kwamba kuifungua mmoja ni kuifungua yote. Katika karne hii wapima wa nchi mbili wamerudi kukarabati bikoni, nao husoma mahali pao kwa setilaiti. Hata hivyo hawajaacha kutazama juu. Wamebadilisha nyota za Mungu kwa nyota za kutengenezwa na watu.

Siku hizi imeongezeka kazi ya tatu, nayo ni picha. Hiyo pia si ngeni katika bara letu: mwaka 1882 David Gill, mkuu wa kituo cha nyota cha Rasi ya Tumaini Jema, alipiga picha za nyota yenye mkia, akaona jinsi nyota za kawaida zilivyojaa katika bamba lake. Kutokana na hayo ilitokea orodha ya nyota zaidi ya 450,000 za mbingu ya kusini, zilizopimwa na J. C. Kapteyn huko Groningen. Leo wageni wanaofika Serengeti kutazama nyumbu wakivuka Mto Mara huacha jicho la kamera wazi usiku kwa dakika nyingi, na kwa kuwa dunia huzunguka, kila nyota huchora mstari wake. Hapa karibu na Ikweta mistari ya mashariki husimama wima, na ile ya kaskazini na ya kusini hujikunja kuizunguka ncha iliyolala kwenye upeo.

Picha hizo ni nzuri, lakini haziwezi kusema jina la nyota. Mpima aliandika hesabu, kamera huandika mwanga. Jina huandikwa na lugha peke yake. Lau neno kilimia lisingehifadhiwa, tusingejua kwamba mkulima wa Pwani na Mzulu walirithi mbingu moja. Kwa hiyo kazi iliyo mbele ya wanafunzi wa lugha ni kukaa na wazee wa Kikuria, Kingoreme, Kiikoma na Kinata katika usiku wa kipupwe, nje, chini ya nyota zenyewe, na kuuliza kila moja inaitwaje na ilifanya kazi gani. Ulizo hilo lifanywe pande zote mbili za mpaka na majibu yawekwe katika daftari moja, kwa maana mstari wa 1906 uligawa ardhi, haukugawa anga.